Mpaka Maduka Yafungwe

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilifunga milango mara mbili katika muda wa miezi kumi na mitatu hivi. Jumatatu ya Mei 15, 2023 wenye maduka waligoma, na siku hiyohiyo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafika sokoni kuzungumza nao; Jumatano akakutana nao Mnazi Mmoja. Jumatatu ya Juni 24, 2024 wakafunga tena, na safari hiyo mgomo ukavuka Dar es Salaam ukafika Mwanza, Mbeya na kwingineko. Malalamiko yalifanana: kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato (TRA), usajili wa stoo, ukaguzi wa risiti za mashine za EFD na wa ritani, utitiri wa tozo. Nafuu nayo ilipita mlango uleule. Kiongozi alisimama, akatamka, operesheni ikasitishwa.

Nani atunge kanuni za biashara, kwa utaratibu gani, na nani azifute? Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe kutokana na hoja zinazosikika kwenye baraza za kahawa, kwenye fremu za mitaa ya Narung'ombe na Aggrey, na pembezoni mwa Mtaa wa Lumumba, ambako CCM ina ofisi yake ndogo ya makao makuu, hatua chache tu kutoka sokoni. Nimezigawa hoja hizo kwa sauti tano na kuzipa kazi badala ya majina: kada wa CCM, kijana wa upinzani, mama anayeuza vitenge kwa jumla, afisa mstaafu wa halmashauri, na machinga. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KADA: Nianze na jambo ambalo wenzetu wa upinzani hulipita haraka. Aliyeandika kwamba kanuni zetu zimezidi ni Serikali ya CCM yenyewe. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara ulitoka mwaka 2018, utekelezaji ukaanza Julai 2019. Bajeti ya mwaka huo, iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, ikafuta au kupunguza tozo 54. Usimamizi wa chakula ukatolewa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ukapelekwa Shirika la Viwango (TBS), mwenye kiwanda asifuatwe na mamlaka mbili kwa unga uleule. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kikapandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Oktoba 4, 2024 Rais Samia akazindua Tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Serikali iliyoziba masikio haifanyi hivyo.

MPINZANI: Orodha yako nzuri, mzee wangu, sina ubishi nayo. Lakini aliyezifuta tozo ndiye aliyezitunga, na kalamu bado anayo. Mwaka 2019 mmefuta 54. Julai 15, 2021 mkatuletea tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Bunge lilipitisha sheria, viwango vikawekwa kwa kanuni za waziri. Nchi nzima ikalalamika, Septemba vikapunguzwa kwa asilimia 30, vikaendelea kupunguzwa kipande kwa kipande. Kama viwango vile vilikuwa sahihi, mlivipunguza kwa nini? Kama havikuwa sahihi, nani alivipima kabla?

KADA: Kupunguza baada ya kusikia wananchi ni kosa?

MPINZANI: Si kosa. Ila mlisikia baada ya kukata.

MAMA WA VITENGE: Mimi kadi ya chama sina, na sitaki kuwaamulia ninyi wawili. Nataka niwaeleze mzigo wangu unavyofika hapa, maana kila mkizungumzia stoo naona hamjui kilichomo. Sina mtaji wa kujaza kontena. Tupo wengi tunaochanga. Wakala anakusanya marobota yetu kule China, anayapakia pamoja, anayatoa bandarini kwa nyaraka zenye jina lake. Kodi imelipwa, bila hivyo kontena lisingetoka. Marobota yangu yakifika stoo, anakuja afisa anataka nyaraka yenye jina langu. Sina. Sikukwepa kitu, kontena lina nyaraka moja na wenye mali tupo mtaa mzima. Utaratibu ule wa kusajili stoo ulimfaa mwenye kontena zima, mwenye ghorofa na karani. Mimi ulinigeuza mwizi kwenye mali niliyoilipia. Angekuja mtu mmoja kuniuliza kabla, ningemweleza kikombe cha kahawa hakijapoa.

KADA: Mama, nami nikueleze kwa nini afisa yule anakuja. Hapa wananunua watu wa Zambia, Kongo, Malawi na Komoro, na nusu ya mikoa yetu inavaa kilichopita Kariakoo. Fedha inayozunguka hapa kwa siku si ya kuachia hivihivi. Kuna muuzaji anayekupa risiti ya shilingi elfu kumi kwa mzigo wa laki moja, na kuna stoo zenye mali ambayo haikupita popote. Usipomkagua huyo, anakuuzia jirani yako kwa bei ambayo wewe mlipa kodi huiwezi. Kikosi kazi kilikosea namna ya kufanya kazi, lakini ukwepaji si hadithi iliyotungwa na TRA.

MAMA WA VITENGE: Hapo tuko pamoja. Jirani wa namna hiyo ananiumiza kuliko anavyoiumiza TRA. Ndiyo maana nilitaka utaratibu unaomkamata yeye.

MSTAAFU: Naomba niwarudishe nyuma, maana nimekaa kiti cha yule mnayemlalamikia. Mnazungumza kana kwamba kanuni ni kodi tu. Ijumaa ya Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, mwendo mfupi kutoka hapa, lilianguka likaua watu 36. Lilikuwa limefika ghorofa 16, kupita kibali chake. Jumamosi ya Novemba 16, 2024 likaanguka jengo hapahapa Kariakoo, watu wakiwa madukani. Waliokufa walizidi 20, na waokoaji walizungumza kwa simu na walionaswa chini ya kifusi wakishindwa kuwafikia. Kanuni za ujenzi tulikuwa nazo. Vibali vilikuwepo, wahandisi walikuwepo, Halmashauri ya Jiji ipo. Sasa anayesimama hapa na kusema kanuni zipunguzwe, aniambie kwanza anapunguza ipi.

MAMA WA VITENGE: Mzee, nakuheshimu, na siku ile nilikuwa na watu wangu mle. Lakini nijibu hili. Waliokuja dukani kwangu kuuliza risiti nimewachoka. Wa leseni amekuja, wa bango amekuja, wa taka amekuja, wa zimamoto kaja kuangalia kama mtungi umelipiwa. Mtu wa kuuliza nguzo ya jengo nililopanga, sijawahi kumwona. Kwa nini?

MSTAAFU: Kwa sababu nguzo haina stakabadhi.

MAMA WA VITENGE: Fafanua.

MSTAAFU: Ofisi nyingi za udhibiti zinaendeshwa kwa ada na faini zinazokusanya zenyewe. Bosi wangu hakuwahi kuniuliza ni majengo mangapi yamesimama salama mwaka huu. Aliniuliza makusanyo yamefika wapi. Afisa kijana akiajiriwa anajifunza haraka nini kinapimwa. Kukagua nguzo ni siku nzima, unahitaji mhandisi na vifaa, na ukimaliza unaweza usikute kosa wala faini. Kukagua leseni ni dakika mbili. Sikuzitetea kanuni zote tangu mwanzo. Natetea zile ambazo hakuna anayelipwa kuzisimamia.

Nitaingia hapa, kwa sababu jibu la mstaafu linagusa jambo ambalo vyama vyetu vinalikwepa. Nchini Marekani mabishano ya aina hii yana mistari iliyochorwa: mwaka 2017 Rais Donald Trump aliagiza kila kanuni mpya ya serikali kuu iambatane na kufutwa kwa mbili za zamani, mrithi wake, Joe Biden, akaliondoa agizo hilo mwaka 2021, Trump aliporudi mwaka 2025 akaagiza zifutwe kumi. Chama kimoja kinasimama na mfanyabiashara, kingine kinadai kusimama na mfanyakazi, mlaji na mazingira. Kwetu hakuna mstari kama huo. CCM iliyotuletea msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ndiyo leo inayojivunia kufuta tozo. Upinzani nao unaahidi kufuta zaidi. Nani anayesimama jukwaani kumtetea mkaguzi wa majengo? Sijamsikia. Hana wapigakura.

MACHINGA: Na mimi je, mwandishi? Maana mnazungumza tangu asubuhi kuhusu mgomo. Mama akigoma, Waziri Mkuu anakuja. Mimi nikigoma nifunge nini? Sina mlango. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000, tukaambiwa mtu asitubughudhi tena. Nikalipa. Oktoba 2021 tukaambiwa tuondoke mbele ya maduka na pembezoni mwa barabara, twende maeneo tuliyopangiwa. Niliwekwa barabarani kwa tamko, nikaondolewa kwa tamko. Kote kuwili sikuonyeshwa karatasi ya kusoma, na kitambulisho changu bado ninacho.

KADA: Mwanangu, barabara zilikuwa hazipitiki. Hata zimamoto wangeshindwa kuingia. Sokoni moto uliwaka Julai 10, 2021, uliona mwenyewe.

MACHINGA: Niliona, mzee. Sikatai kwamba tulijaa. Nasema kama kadi ilikuwa na mwisho wake, mngeniambia wakati mnapokea elfu ishirini yangu.

Maneno ya machinga huyu ndiyo yaliyonifanya niandike. Kwa muda mrefu nimeisoma migomo ya Kariakoo kama ushindi wa wananchi, na kwa kiasi ni kweli: watu waliochoshwa walikataa, wakasikilizwa, hakuna duka lililochomwa. Lakini tazama ni kanuni za namna gani mgomo unaweza kuzirekebisha. Unaweza kulegeza kanuni inayomuuma mtu mwenye mlango wa kufunga. Hauwezi kumsaidia asiye na mlango. Tena hauwezi kabisa kukaza kanuni inayomlinda mtu asiyejua kwamba yuko hatarini. Wale waliokuwa chini ya jengo Novemba 2024, wanunuzi na wapagazi na vijana wa dukani, wasingegoma kudai nguzo zikaguliwe, kwa kuwa hawakujua zilikuwa na nini. Ikiwa mgomo ndio mlango pekee wa kutolea maoni juu ya kanuni, kila mwaka tutalegeza za aina moja na kusahau za aina nyingine, na tutaita hayo mageuzi.

Tamko nalo lina kasoro yake. Linasitisha operesheni, kanuni inabaki kitabuni. Kiongozi akihamishwa, afisa mpya anaikuta pale ilipo, halali, akaifufua, na mfanyabiashara anabaki na kumbukumbu ya hotuba. Miezi kumi na mitatu kati ya mgomo wa kwanza na wa pili inalieleza hilo kuliko mimi.

MPINZANI: Basi tukubaliane tatizo ni madaraka ya mawaziri. Bunge litunge, basi.

MSTAAFU: Kijana, hilo haliwezekani, na hata ukishika dola hutalifanya. Ibara ya 97 ya Katiba inaruhusu Bunge kukabidhi madaraka ya kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria, na kila nchi inafanya hivyo. Huwezi kuita Bunge Dodoma lipange ukubwa wa mtungi wa gesi. Tunayo Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo, inafanya kazi ya maana, lakini kanuni huifikia ikiwa imeshatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na imeshaanza kuuma. Swali ni kabla, si baada.

MPINZANI: Kenya wameliweka kwenye sheria tangu mwaka 2013. Mtunga kanuni lazima ashirikishe watu watakaoguswa, na kanuni zenye gharama kubwa zifanyiwe tathmini ya athari. Ana siku saba za vikao kuipeleka bungeni, asipoipeleka inakufa. Na ikifika miaka kumi inakoma yenyewe, isipokuwa sheria iseme vingine. Hebu fikirieni kanuni yenye tarehe ya kufa.

KADA: Nilikuwa nakusubiri Kenya. Kariakoo ilifunga maduka Juni 24, 2024. Kesho yake, Juni 25, vijana wa Nairobi waliingia bungeni kwa sababu ya Muswada wa Fedha, risasi zikapigwa, watu wakafa. Muswada ule ulipitia vikao vya maoni, kama sheria yao inavyotaka. Watu walizungumza, kamati ikaandika, kisha wakubwa wakaendelea na walichokusudia. Mnataka tuige utaratibu ambao haukuwazuia kuzika watoto wao? Sisi tulikaa na wafanyabiashara, tukaelewana, maduka yakafunguliwa.

MPINZANI: Wao waliulizwa wakapuuzwa. Sisi hatuulizwi. Unataka tuchague kipi?

Kada ana hoja hapa, na sitaki ipotee kwenye jibu la haraka la kijana. Kikao cha maoni ambacho hakimlazimu mtawala kujibu ni dharau iliyopambwa, na pengine huumiza zaidi, kwa kuwa mtu aliacha kazi yake akaenda kusema. Kwa hiyo kusikiliza peke yake hakutoshi. Mtunga kanuni aandike: niliambiwa hivi, nimekubali hili, nimekataa lile kwa sababu hii. Aweke jina lake chini. Sehemu hiyo ndogo, ya kutoa sababu, ndiyo inayoogopwa.

Kisha likaja jambo lililowachanganya wote watano. Julai 28, 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa Amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, kununua mazao shambani na nyingine. Faini kwa mgeni si chini ya shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake. Kenya ililalamika mara moja kwamba Amri inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu mwaka 2010.

MAMA WA VITENGE: Hiyo niliipigia makofi. Mtu anatoka kiwandani kwao, anakuja kuuza kwa jumla mlango wa pili na wangu, anauza rejareja pia, na kijana wa kubeba mzigo anamleta. Nitashindana naye vipi?

MACHINGA: Hata mimi nilifurahi. Aggrey mafundi simu ni wenzetu.

MPINZANI: Na chama changu kisingeipinga hadharani, nakiri.

MSTAAFU: Mmesikia mlivyosema? Asubuhi yote mnalaani kanuni ya waziri isiyopimwa, sasa mnashangilia kanuni ya waziri. Mama, hao wateja wako wa Kongo na Zambia, nchi zao zikilipiza utawauzia nani? Mtanzania mwenye duka Nairobi au Lubumbashi, nani alimwuliza?

KADA: Mzee, hapo si haki. Kabla ya Amri iliundwa kamati chini ya Profesa Edda Lwoga kuchunguza biashara za wageni hapahapa Kariakoo.

MSTAAFU: Nakubali, na naisifu. Ndiyo maana naiuliza. Kamati ilichunguza tatizo. Rasimu ya dawa yenyewe, yale maneno ya Amri, nani kati yenu aliisoma kabla haijatoka?

MAMA WA VITENGE: Sikuisoma. Niliisikia imeshatoka. Lakini ilinifaa.

MSTAAFU: Ile ya stoo pia kuna mtu ilimfaa.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha kukubaliana. Mama alikuwa na hasira, na nadhani alikuwa na haki ya kuwa nayo: ushindani anaousema ni wa kweli na umewafilisi watu. Ila mstaafu amegusa mahali pagumu kuliko pengine pote. Utaratibu wa kutunga kanuni hupendwa na anayeumizwa, na husahauliwa na anayenufaika, na sote hubadilishana viti.

MPINZANI: Sasa tufanye nini? Tusiishie hapa.

MSTAAFU: Sheria ya serikali za mitaa tayari inaitaka halmashauri, kabla ya kutunga sheria ndogo, itangaze kusudio lake kwa wakazi na kupokea pingamizi. Haihitaji kutungwa upya. Inahitaji kufanywa kwa dhati, na wizara nazo zifungwe na sharti hilohilo.

MACHINGA: Linatangazwa wapi?

MSTAAFU: Kwenye mbao za matangazo za ofisi.

MACHINGA: Ubao upi, mzee? Mimi nafika ofisini siku niliyokamatwa. Leteni kwenye simu, kwa Kiswahili, mistari kumi. Wakitaka kunitangazia bando wananipata kila saa.

MAMA WA VITENGE: Na kikao kisiwe saa nne asubuhi. Nikifunga duka kwenda kutoa maoni saa nne, si ndiyo mgomo huohuo?

KADA: Haya yote yanazungumzika. Lakini kuna mambo hayatangazwi kabla. Bajeti ikivuja, walanguzi wanaficha mali. Ndiyo maana husomwa katikati ya Juni na Julai mosi inaanza kazi.

MAMA WA VITENGE: Wiki mbili, baba. Marobota yangu yako baharini kwa muda mrefu kuliko huo. Nayaagiza kwa sheria hii, yanashuka kwa nyingine. Viwango vya kodi vificheni, nimeelewa, mlanguzi yupo. Lakini utaratibu wa kusajili stoo, namna ya kukagua risiti, nyaraka gani niwe nayo mkononi afisa akija: hivyo vina siri gani? Mlanguzi atanufaika nini akijua mapema kwamba afisa anatakiwa aje na kitambulisho na aandike alichokikuta?

KADA: Hapo sina jibu la haraka.

MAMA WA VITENGE: Basi anza na hapo. Ninyi wawili mna wabunge na madiwani, au mtawatafuta. Mleteni huyo anayeandika utaratibu wa stoo akae kwenye robota saa kumi na mbili jioni, nimwonyeshe nyaraka ya wakala na majina yetu nyuma yake. Na akija, aje na mtu wa nguzo.